Daftari la ahadi

Nimekuja kwa mama wikiendi hii, nikasema ngoja nipange stoo, si nikakutana na tranka langu la shule, siku hizi mama anawekea vyombo vya sherehe. Chini kabisa ya sahani kuna kauntabuku, juu limeandikwa kwa maka peni nyekundu MWEKA HAZINA. Nikakaa palepale sakafuni, vyombo mpaka saa hizi havijarudishwa.

2018 hiyo, niko fomu three, shule ya wasichana watupu, bweni, mkoa wa Iringa, ile baridi ya mwezi wa sita unanawa uso huku unalia. Ilikuwa lazima kila mtu awe na klabu. Skauti na paredi zao, Roots and Shoots na miche yao (walikuwa wanatuambia kila wiki kwamba ilianzia hapahapa Dar 1991, Jane Goodall na wanafunzi 12, mpaka tukakariri), Fema wanagombania magazeti. Mi nikaingia huduma kwa jamii, na sababu ilikuwa moja tu wala sifichi, wao walikuwa wanaruhusiwa kutoka geti.

Kule chini ya kilima kulikuwa na shule ya msingi, mwalimu mmoja wa kike akatuambia mabinti wake wa la sita na la saba kila mwezi kuna siku hawaonekani, wanajisitiri na vipande vya kanga, wakiona hali mbaya wanabaki nyumbani. Tukawahesabu, 60. Tukasema pakiti nne za pedi kila mmoja. Na mwaka huohuo ndo Dk. Mpango, waziri wa fedha wa wakati ule, kasoma bajeti bungeni kwamba VAT inaondolewa kwenye taulo za kike, asilimia 18 hiyo, bwenini tulishangilia kama tumefunga goli. Mwezi wa nane nikaenda dukani na madam mlezi, pakiti elfu mbili. Wa tisa tukarudi, elfu mbili. Muuzaji anasema mwanangu huu mzigo wa zamani. 2019 msamaha wenyewe ukafutwa, serikali ikasema mlaji hakuona nafuu, nikakumbuka lile duka na mzigo wake wa zamani usioisha.

Hela tulichangisha kwa maandazi ya Jumamosi na kupita bweni kwa bweni. Kuna fomu one alileta mia tatu, sarafu, kazifunga kwenye ncha ya leso, akasimama pale mpaka nikaandika jina lake, akalisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wake wa meza, ndo akaondoka. Jina bado lipo, ukurasa wa tatu.

Halafu ikaja siku ya klabu, na mgeni rasmi, na mnada wa keki. Mnajua minada yetu, mtu ananunua anasema rudisheni mezani, inauzwa tena. Ile keki iliuzwa mara tatu, ya tatu akaichukua mgeni rasmi mwenyewe kwa laki moja, "niandikeni", ukumbi ukalipuka. Kwenye hotuba akaongeza laki mbili, "niandikeni". Wazazi nao wakaandikwa elfu hamsini. Mimi mweka hazina naandika mpaka mkono unauma, usiku nimepiga hesabu kwa tochi: taslimu 143,600, ahadi 350,000, jumla 493,600. Pakiti 240 ni 480,000, inabaki 13,600 ya sabuni. Nililala nimetabasamu jamani.

Keki meza kuu waliila siku ileile.

Madam alipiga simu wiki ya kwanza, mgeni yuko kikaoni. Ya pili, yuko safari. Ya tano simu ikawa inaita tu. Wale wazazi wa elfu hamsini wala hatukujua tuwapigie wapi. Kwenye daftari safu ya AHADI iko hivyohivyo, na pembeni nimeandika kwa penseli "kumbusha" mara nne, ya nne nimekandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Tukanunua pakiti 65. Moja moja, tano zikabaki kwa mwalimu. Tuliwapanga mstarini uwanjani maana tulitaka picha na bango letu, na wale mabinti wakipokea tu wanaingiza ndani ya sweta fasta, wavulana wamejaa dirishani wanachungulia. Picha ninayo. Sisi tunacheka, wao wote mikono imekumbatia tumbo. Nikiitazama leo natamani hata tungewaita darasani mmojammoja.

Sasa nilichotaka kusema. Tuna grupu la wasap la waliosoma pale, tunachangia kukarabati vyoo vya shule, na mweka hazina (si mimi, nilikataa) anatupia ile orodha kila Ijumaa, jina, kiasi, tiki. Mi niliandika 100,000 mwezi wa pili, nilikuwa nimetoka kulipwa. Ijumaa hii orodha imekuja, wenye tiki wamejaa, na mimi niko namba 23 peke yangu na kimabano changu, "ahadi".

Nimefunga kauntabuku nikashika simu. Nimetuma elfu arobaini, nikaandika "nyingine mwisho wa mwezi dia".