Siku moja kwenye maabara ya HLA jijini Seoul

Saa 1:30 asubuhi mirija ya damu imeshafika. Wengi hospitalini wanadhani kazi yetu ni kama kupima kundi la damu, ndiyo maana hawaelewi kwa nini jibu linachukua siku kadhaa. Tunachosoma ni jeni za HLA zilizoko kwenye kromosomu ya 6, zile zinazouwezesha mwili kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Mgonjwa wa saratani ya damu anayesubiri kupandikizwa uboho anategemea jibu hilo, na lazima litaje aleli kamili, yaani toleo mahususi la kila jeni (kila mtu hurithi mawili, moja kwa kila mzazi). Wakorea wengi wana A2, kundi la aleli za jeni ya HLA-A, lakini A2 ya huyu ni A*02:01, ya yule A*02:06, ya mwingine A*02:07. Hiyo ya 02:07 inatofautiana na 02:01 kwa asidi amino moja tu, ya nafasi ya 99, ndani ya bonde linaloshika vipande vya protini. Ukiishia kuandika "A2", unaweza kumpa mgonjwa mchangiaji asiyelingana naye.

Mapokezi hayana mjadala: jina na namba kwenye mrija vilingane na fomu, kifuniko kiwe cha zambarau, yaani chenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Mrija wa kijani una heparini, na heparini huzuia PCR, yaani kunakili DNA mara nyingi, kwa hiyo unarudishwa. Mgonjwa aliyeanza dawa kali huwa na chembe nyeupe chache, na DNA inatoka kiduchu. Damu iliyojaa seli za saratani ina hatari nyingine: seli hizo wakati mwingine zimepoteza kipande cha kromosomu ya 6, na mtu mwenye aleli mbili anaonekana ana moja. Huyo tunamwomba sampuli ya ndani ya shavu.

Saa 3 DNA iko tayari. Uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi wake, uwe kati ya 1.8 na 2.0. Tunaipunguza hadi nanogramu 30 kwa mikrolita, tunapanga PCR, na kisima kimoja kinawekwa maji matupu ili uchafu ukiwepo uonekane. Kitu kilichoingia chumba cha baada ya PCR hakirudi huku, hata kalamu.

Saa 5 ninafungua data za mashine ya kusoma DNA, na hapa ndipo siku inapokwama. Kwenye jeni za A, B na DQB1, sampuli moja ina A*24:02 na A*33:03, B*15:01 na B*44:03, DQB1*03:03 na DQB1*06:04. Safi. Lakini kwenye DRB1, jeni nyingine ya HLA, programu inaonyesha 13:02 peke yake, na imeweka alama ya kijani kwamba kila kitu ni sawa.

Si sawa. A*33:03, B*44:03, DRB1*13:02 na DQB1*06:04 ni mnyororo unaorithiwa pamoja, na kwa Wakorea tunauona mara kwa mara. Basi DQB1*03:03 imekuja na nani? Kwa kawaida hutembea na DRB1*09:01. Ninaangalia jeni za jirani: DRB3*03:01 ipo, na hiyo ni ya 13:02. DRB4 nayo ipo. DRB4 hubebwa na kromosomu zenye DRB1 ya kundi la 04, 07 au 09. Aleli ya pili ipo, ila haikukuzwa. Makundi hayo matatu yana introni (sehemu ya jeni isiyobeba maelekezo ya protini) ya kwanza ndefu, na kwenye PCR ndefu aleli fupi huzidi nguvu iliyo ndefu. DNA ikiwa imekatikakatika kidogo, ndefu inapotea kabisa. Hapa Korea, ambako 09:01 na 04:05 ni za kawaida sana, asiyejua hili atatoa majibu mabaya huku mashine ikimpongeza.

Simu inalia. Mratibu wa upandikizaji anataka jibu, kwa sababu ameona kwenye mfumo kwamba mashine imemaliza. Ninamweleza. Anapiga tena baada ya nusu saa: si niandike tu 09:01, maana inajulikana? Hapana. Kukisia kunanisaidia kujua pa kutafuta, lakini hakuingii kwenye ripoti. Ninaanzisha kipimo cha shanga za Luminex, ambacho hukuza eksoni ya 2 tu (sehemu inayobeba maelekezo hayo), herufi 270 hivi za DNA, kwa hiyo urefu wa introni hauna neno. Anapiga mara ya tatu.

Mchana kazi ni ya mikono. Bidhaa za PCR ya jana zinakatwa kwa kimeng'enya, zinafungwa adapta (vipande vya DNA ambavyo mashine inavitambua) na alama ya kila mgonjwa, kisha zinasafishwa kwa shanga za sumaku na ethanoli ya asilimia 80 iliyochanganywa leo hii. Ya jana imeshavuta maji. Shanga zikikauka mpaka zikapasuka nyufa, DNA haiachii. Zikibaki na ethanoli, hatua inayofuata inaharibika. Huwezi kuondoka hata dakika mbili, na mgongo unauma.

Jioni Luminex inaonyesha DR13 na DR9, yaani DRB1 ya kundi la 13 na la 09. Mashaka yalikuwa ya kweli. Ninapanga PCR mpya yenye praima (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili) za kundi la 09 peke yake, nampigia mratibu kumwambia ripoti haitoki leo, kisha napakia sampuli zilizoandaliwa mchana kwenye MiSeq, mashine ya kusoma DNA. Itasoma usiku kucha. DRB1 ya mgonjwa yule itaingia kwenye mzunguko wa kesho.