Akili iwe palipo unyayo

Mtu akitoka Shangani kwenda sokoni kwa miguu, miguu yake inafika sokoni mara moja, lakini akili imeshakwenda na kurudi mara kumi. Imelipa deni, imejibizana na mwenye nyumba, imepanga chakula cha jioni na ada ya mtoto. Akifika hakumbuki hata njia aliyopita. Kutembea kwa umakini ni zoezi la kuirudisha akili pale unyayo ulipo, hatua kwa hatua, bila kuigombeza. Halina gharama, halina nguo maalumu, na sisi wa Mtwara na Lindi tunao uwanja wake bora mlangoni: mchanga uliolowa, ule unaoachwa na bahari maji yanapokupwa.

Nasema uliolowa kwa sababu mchanga mkavu wa juu haufai kuanzia. Unameza mguu, kifundo kinayumba, na nguvu zote zinaishia kujikwamua. Uliolowa ni mgumu kiasi cha kubeba uzito na laini kiasi cha kuujibu unyayo. Kabla ya kuanza, simama uangalie chini mara moja. Ukikandamiza mguu, mchanga unaouzunguka unapauka ghafla kama umekaushwa. Uzito wako umezisukuma chembe zikaachana, nafasi kati yake zimeongezeka, na maji ya juu yamezama kwenda kuzijaza. Ukiinua mguu, rangi nzito inarudi, na kwenye alama ya kisigino panabaki kidimbwi kidogo kinachong'aa. Hutokea kila hatua, na mtu anaweza kukulia ufukweni asiwahi kuliona.

Saa za maji wavuvi wanazo kichwani, na anayetaka kutembea naye azijue. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi maji yako njiani kushuka, na ikifika saa moja una ukanda mpana wa mchanga mgumu. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku tatu hivi baada ya bamvua, maji hujaa wakati jua linachomoza, na ufukwe unabaki mwembamba wenye mteremko mkali. Siku hizo usilazimishe bahari, tembea uani. Na siku za bamvua kubwa usiyafuate maji mpaka kwenye matumbawe, kwa sababu mawe yale yanakata kama wembe na viumbe vyenye miiba vimejificha kwenye vidimbwi.

Sasa njia. Pima hatua 20 sambamba na maji, chomeka kijiti kila mwisho. Inatosha. Watu wengi hushangaa kuambiwa njia fupi hivyo, wakati pwani ni ndefu na nzuri. Lakini njia ndefu inaleta hamu ya kufika: utataka uone kilichopo nyuma ya ule mwamba, utapima umbali, utaangalia saa. Kwenye hatua 20 hakuna pa kufika, na akili ikikosa pa kukimbilia inaanza kukaa. Watawa wa misituni kule Thailand wana njia za kiasi hichohicho, hatua 20 hadi 30, nao huzipita kwenda na kurudi kwa saa nyingi.

Anza na dakika 15. Weka kengele kwenye simu, zima sauti nyingine zote, simu ibaki mfukoni. Aliyevaa kanga au dera aliache huru kwenye vifundo. Nguo ikibana hatua, utakuwa unaihisi nguo badala ya mguu.

Simama kwenye kijiti cha kwanza. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, magoti yasikazwe, mikono ining'inie au ishikane mbele ya tumbo. Macho yaangalie hatua tatu au nne mbele, yakiwa yametulia, hayatafuti kitu. Ukiangalia vidole vyako shingo itauma ndani ya dakika kumi, na utaishia kuutazama mguu badala ya kuuhisi. Pumua mara tatu kama kawaida, kisha uende.

Dakika 5 za kwanza, mwendo wa mtu asiye na haraka. Mguu unapogusa chini, sema moyoni "kushoto", unaofuata "kulia". Neno liwe dogo, hisia ndiyo iwe kubwa. Likitangulia mguu, umeanza kuhesabu. Likichelewa, ulikuwa umeshaondoka.

Dakika 5 za pili, punguza mwendo uwe kama nusu. Maneno yabadilike: "inua", "weka". Hapa utaanza kugundua kwamba kabla mguu haujainuka uzito umeshahamia mguu wa pili, na kwamba nyonga ndiyo iliyoanza.

Dakika 5 za mwisho, taratibu zaidi: "inua", "peleka", "weka". Mgawanyo huu wa hatua umefundishwa sana na watawa wa Burma, na una sababu yake. Kila sehemu ina hisia yake. Kuinua ni wepesi na mvutano nyuma ya kisigino. Kupeleka ni upepo kidogo kwenye unyayo uliolowa, ubaridi wake. Kuweka kuna mpangilio mzima: kisigino kwanza, uzito unapita ukingo wa nje wa unyayo, unavuka kwenye nyama ya chini ya vidole, unatokea kwenye kidole gumba. Mguu mmoja una mifupa 26, na katika hatua moja ya polepole utasikia kazi yake kuliko mwezi mzima wa kutembea ukiwa na viatu.

Kwenye kijiti cha pili simama kabisa. Pumzi moja. Geuka kwa hatua ndogo tatu au nne, simama tena, ndipo uanze kurudi. Usiipite kona hii kwa haraka, maana akili hutoroka kwenye kugeuka kuliko mahali pengine popote. Mwili unageuka kwa mazoea, na mazoea hayahitaji mtu awepo.

Akili itaondoka, kwa hakika, tena kabla hujafika kijiti cha pili siku ya kwanza. Ukigundua, sema "mawazo", malizia hatua uliyomo, na urudi kwenye mguu unaofuata. Usirudi mwanzo wa njia, usijilaumu, usihesabu mara ngapi. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Kila kurudi ni pigo moja la kasia, na hakuna mvuvi anayesikitika kwamba amepiga kasia mara nyingi.

Faida kubwa ya mchanga, ambayo sakafu haikupi, ni kwamba hatua zako zinabaki zimeandikwa. Ukigeuka, zisome. Kisigino kilichochimba shimo ni mguu uliotupwa chini badala ya kuwekwa. Mara nyingi magoti yamekazwa. Vidole vilivyochimba na kurusha mchanga nyuma ni haraka: mwili umeshaegemea mbele kwenda kesho. Mstari unaoburuzwa kati ya alama na alama ni mguu usioinuliwa, uchovu au uvivu wa nyonga. Na ukiona mahali hatua zilianza kurefuka ghafla, hapo ndipo wazo lilipoingia. Unaweza hata kulikumbuka.

Makosa mengine husababishwa na nia njema. Mtu anaambiwa ajitulize, basi anaanza kuipangia pumzi yake: hatua nne avute, nne atoe, na akitembea polepole zile hatua nne zinakuwa ndefu kuliko kifua chake. Kizunguzungu kinakuja. Acha pumzi ijiendee. Mwingine anatembea polepole kupita kiasi mpaka anayumba kwa mguu mmoja kama korongo, misuli ya paja inatetemeka. Mwendo uliokufanya upambane na kuanguka ni wa polepole mno, ongeza. Spika za masikioni zenye sauti ya kukuelekeza mimi sizipendekezi ufukweni kabisa. Zinakufundisha kumsikiliza mwalimu, na zinakuzuia usisikie pikipiki, mbwa au wimbi. Halafu kuna suala la mteremko: mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini kuliko mwenzake, na ukienda upande mmoja kilomita nzima goti na nyonga vitalalamika. Kwenda na kurudi kwenye njia ileile kunasawazisha.

Lipo gumu moja ambalo mafundisho ya Ulaya na Marekani hayaligusi, nalo ndilo linalowakatisha watu wengi hapa kwetu: salamu. Huwezi kutembea Mikindani au Mitwero polepole, kimya, macho mbele, ukapita bila kuamkia. Utaonekana una kiburi au una ugonjwa. Na ukienda na kurudi hatua 20 karibu na wanaopara samaki, bibi mmoja atauliza:

"Mwanangu, umepoteza nini hapo?"

"Shikamoo bibi. Sijapoteza kitu, nafanya mazoezi ya miguu."

"Marahaba. Haya, endelea."

Jibu hilo linatosha, na ni la kweli. Salamu uiingize ndani ya zoezi. Simama kwanza, miguu yote miwili chini, uhisi imeshika ardhi, kisha umtazame mtu usoni na umwamkie mpaka mwisho: ya nyumbani, ya watoto, ya kazi. Usimjibu huku unasogea. Akimaliza, pumzi moja, hatua inayofuata. Salamu za kwetu ni ndefu, na mtu anaweza kuzitoa zote kwa mdomo tu huku akili iko mbali. Kuzisikia mwenyewe unapozitoa ni kazi ileile ya unyayo. Ukitembea na mwenzako, jambo ninalowashauri hasa wanawake wanaotoka alfajiri, wekeni njia mbili sambamba, hatua tano kati yenu, na maongezi yasubiri kengele.

Wengine huuliza kama hii ni ibada ya watu wengine. Asili yake ni kwa watawa wa Kibudha, na hakuna haja ya kuificha. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya kupunguza msongo katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, aliyachukua mazoezi akayaacha matambiko, na ndiyo sura iliyoenea hospitalini. Katika hatua nilizoeleza hakuna dua, hakuna jina la kutajwa, hakuna kitu cha kuabudiwa. Mwislamu anayehangaikia khushui, yaani utulivu na unyenyekevu wa moyo, katika swala ataitambua kazi hii mara moja, na wengi huona wakati mzuri ni baada ya swala ya alfajiri, mwili umeshaamka na mtaa bado kimya.

Anayeishi mbali na bahari, Newala, Tandahimba, Nachingwea, ana mikorosho. Kivuli kipo, na majani makavu yanalia chini ya mguu, kwa hiyo badala ya unyayo shika sauti: kila hatua ina mlio wake wa kuanza na wa kumalizika. Vaa viatu na ufagie hatua zako 20 kwanza, maana nyoka hupenda majani. Angalia pia msimu. Kuanzia Juni wakulima wanapulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, tena alfajiri, wakati umande uko kwenye majani na upepo umelala, saa ileile uliyotaka kutembea. Vumbi lake linachoma macho na koo. Ukisikia mashine, ondoka. Oktoba hadi Desemba korosho zinadondoka, na mtu anayerandaranda chini ya mikorosho ya mwenzake ana maswali ya kujibu, hivyo omba ruhusa mapema. Mvua zikianza, Desemba mpaka Aprili, hamia kwenye baraza. Hatua nane zinatosha, ila utageuka mara nyingi, na kugeuka ndiko kugumu.

Kuna watu wa kuwa waangalifu. Mwenye kisukari ambaye ganzi imeshaingia miguuni asiende peku hata kwenye mchanga safi. Atavaa viatu vya kufunika na atahisi uzito ukihama, hiyo inatosha. Mzee mwenye miguu dhaifu achague njia kando ya ukuta. Na mwenye msiba mbichi au aliyepitia jambo la kutisha anaweza kukuta kimya kinamletea kila kitu kwa mpigo: moyo mbio, machozi, mikono baridi. Asiendelee kwa ubishi. Asimame, macho yaangalie vilivyo mbele yake, ataje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona, ngalawa, mnazi, kaa, mtoto, wingu, kisha atembee mwendo wa kawaida kuelekea kwa watu. Ikijirudia, azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kujaribu tena.

Baada ya wiki mbili za dakika 15, zoezi linaweza kuhamia kwenye safari zako za kawaida kwa vipande: hatua 20 za kwanza kutoka mlangoni, au zile za kushuka kwenye kivuko cha Msangamkuu, kutoka chomboni hadi ardhini, hisia mbili tofauti chini ya mguu mmoja.

Ukimaliza ufukweni, ng'oa vijiti vyako. Suuza miguu kwa maji baridi, pitisha kidole katikati ya vidole vyote, angalia chini ya unyayo kama kuna mkwaruzo wa chaza, kausha, vaa kandambili. Zinabadilisha mlio wa hatua papo hapo. Usikilize mpaka barabarani.