Nilivyokaza silinda hedi ya Corolla 110 kwa vipimo vyake

Corolla yangu ya 110, yenye injini ya 5A-FE, ilichemsha nikipanda Kitonga. Fundi wa kwanza alibadilisha gasketi ya silinda hedi (kile kibamba kinachobanwa kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku ili maji na oili visivuje), akakaza bolti kwa nguvu za mkono, akanihakikishia gari limepona. Wiki chache baadaye maji ya rejeta yakaanza kupungua na sioni yanapovuja. Asubuhi nikiwasha, moshi mweupe. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta utando kama maziwa. Nikaamua kazi hii nairudia mwenyewe.

Mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu alikubali kuniazima torki renchi (spana inayopima torki, yaani nguvu ya kukazia) na kukaa karibu yangu. Nilipomsimulia jinsi bolti zilivyokazwa mpaka spana ikagoma, alitikisa kichwa. "Mwanangu, bolti ya hedi ina namba yake."

Tulizilegeza zote 10 injini ikiwa imepoa, kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuja katikati. Hedi hiyo ni ya aluminiamu, ukiifungua ovyo inapinda. Kisha tukalaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, kandokando na kwa mshazari, tukajaribu kupenyeza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, chini yake. Mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.05. Kwetu bamba la 0.10 lilipita, tena katikati kabisa. Mwanzoni hakuna aliyepima! Gasketi mpya ilikuwa imewekwa juu ya uso uliopinda, isingeshika hata kidogo. Hedi ikaenda kusagwa, na iliporudi niliipima tena kabla ya kuigusa kwa kitu kingine.

Bolti zake ni za urefu wa aina mbili: za milimita 90 zinakaa upande wa hewa kuingia, za 108 upande wa egzosi. Nilizipanga juu ya katoni nisije nikazichanganya. Matundu ya bloku niliyakausha kwa upepo wa kompresa, kwa sababu maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti inaikandamiza na bloku inaweza kupasuka. Kwenye nyuzi za bolti na chini ya kichwa chake nilipaka oili nyepesi tu.

Kukaza ni kinyume cha kufungua: unaanza katikati unatoka nje, kwa mizunguko kadhaa, mpaka zote zifike Nm 29 (nyutoni mita, kipimo cha torki). Hapo torki renchi inawekwa kando. Unatia alama ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti (mimi nilitumia rangi ya kucha ya dada yangu), unazungusha kila moja digrii 90, yaani robo mzunguko, kwa utaratibu uleule, halafu 90 nyingine. Alama zote ziishie kutazama nyuma. Mzee alinieleza kwamba torki kubwa inaliwa na msuguano wa nyuzi, hivyo namba inaweza kusoma vizuri huku bolti haijavutika inavyopaswa. Pembe haidanganyiki namna hiyo.

Kwenye zile digrii 90 za mwisho, bolti moja ikawa laini mkononi, inazunguka bila kukataa. "Acha hapo hapo," mzee akasema. Tulipoitoa, nyuzi zake zilikuwa zimevutika na kuwa nyembamba. Ilikazwa kupita kiasi ile mara ya kwanza. Iliniuma, maana gasketi iliyokwisha kubanwa hairudiwi. Nikarudi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kununua bolti 10 mpya na gasketi nyingine, tukaanza upya kutoka Nm 29.

Safari hii zote zilikataa kwa uzito mmoja. Tulijaza maji, tukaacha injini iungurume mpaka themostati ikafunguka na mapovu yakaisha kwenye rejeta. Nimeshapanda Kitonga mara mbili tangu siku ile, na asubuhi ya pili yake nilipofungua rejeta maji yalikuwa yamejaa hadi mdomoni.