Gia za plastiki zisizokwama ndani ya mashine ya vifaranga: uzoefu wangu

Karakana yangu iko Unga Limited, Arusha, na hutengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Kwa muda mrefu kilichonisumbua kuliko hata kukatika kwa umeme kilikuwa gia inayogeuza trei za mayai. Gia za naironi za dukani zilizunguka vizuri mezani, lakini zilipokaa kwenye joto la nyuzi 37.5 na unyevu wa asilimia 55 hadi 60 zilivimba, meno yakabanana na mota ikashindwa, kwa sababu naironi hunywa maji. Niliamua kutengeneza zangu kwa asetali, plastiki ngumu ambayo hunywa kidogo sana, kwa kuiyeyusha na kuisukuma ndani ya kalibu, yaani chuma chenye uwazi wa umbo la gia.

Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia nichanganye nyuzi za kioo ili gia iwe ngumu. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Trei ya mayai haihitaji nguvu kubwa, ilhali nyuzi hizo hulala kuelekea plastiki inakotiririka, gia ikasinyaa kidogo upande mmoja na sana upande mwingine, na zinapojitokeza juu ya meno huyasaga meno ya gia mwenzake.

Asetali yangu haikuvimba, lakini gia ilikaza mahali pamoja katika kila mzunguko. Nilimwomba mkereza anichongee gia ya mfano ya shaba ya njano kwa usahihi wote alioweza, nikaifunga kwenye kitelezi chenye springi kinachogusa geji ya mshale, kisha nikaizungusha polepole ikiwa imeng'atana na gia ya plastiki. Mshale ukicheza haraka kwa kila jino, kasoro iko kwenye meno. Ukipanda na kushuka mara moja tu kwa mzunguko mzima, gia haiko duara au tundu lake halipo katikati. Wangu ulipanda na kushuka mara moja. Hapo nikapunguza plastiki inayoingia kwenye kalibu kwa makusudi, kidogo kidogo, ili ikome njiani, na vile vipande visivyokamilika vilionyesha waziwazi jinsi ilivyoingia kwa mlango (tundu la kuingizia plastiki) mmoja wa ukingoni, ikazunguka pande mbili na kukutana upande wa pili, hivyo gia haikusinyaa sawa pande zote. Fundi wa kalibu aliziba mlango ule akafungua mitatu karibu na kitovu, kwa nafasi sawa, na mshale ukatulia. Kazi hiyo haikufika nusu ya bei ya kalibu mpya, na kifaa kile cha mshale nakithamini kuliko mashine yoyote niliyonunua.

Asetali husinyaa kwa takriban asilimia 2, hivyo gia ya milimita 50 hudai kalibu ya karibu 51. Kalibu yenyewe naipasha kwa hita hadi nyuzi 90, ingawa wengi huipoza ili watoe gia haraka, kwa kuwa gia iliyopozwa ghafla hutoka ikipendeza lakini huendelea kusinyaa baadaye, hasa ikikaa kwenye joto. Shina la kila jino liwe na mviringo, kwani kona kali ndipo ufa huanzia.

Wafugaji wanaosafisha mashine kwa dawa yenye klorini waiepushe na gia hizi, maana klorini huila asetali. Sabuni na maji vinatosha.