Kwa nini Jangwani hujaa wakati mjini hakujanyesha

Watu wa Kariakoo, Dar es Salaam, hushangaa kusikia barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani ilhali kwao yamedondoka manyunyu tu. Jibu liko Kisarawe. Mto Msimbazi, ule unaopita Jangwani, unaanzia huko kwenye milima ya Pugu, unapita Ukonga, Vingunguti na Kigogo, unapokea maji ya mto Ubungo na Sinza, ndipo unaingia baharini penye daraja la Salenda. Mvua ikipiga huko juu alfajiri, bonde linajaa hata kama Posta kuna jua.

Mvua yenyewe imebadilika. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hushuka kwa mkupuo. Tena upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli hupitiliza, kama mwaka 2019, na tena 2023 ilipoungana na El Niño. Mafuta na makaa ya mawe yaliyoleta joto hilo hayakuchomwa Mbagala. Mchango wa Tanzania ni mdogo mno. Ila mvua ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine tunaijenga wenyewe.

Fanya hesabu hii. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikinyeshewa milimita 60 kinapokea lita 24,000. Kikiwa na mchanga na miti, sehemu kubwa inazama ardhini, hasa mwanzoni mwa msimu kabla udongo haujashiba. Kikifunikwa kwa bati, zege na pevingi ukuta hadi ukuta, karibu yote yanatoka getini ndani ya muda mfupi. Nyumba 100 za namna hiyo zinasukuma mtoni lita milioni 2.4. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu milioni 5.4, na wengi wamejenga huko huko juu, Kinyerezi, Segerea na kwingineko.

Kisha maji yanakutana na kalavati. Hapa watu wengi hukosea: wanadhani bomba likijaa mchanga hadi nusu, linapitisha nusu ya maji. Halipitishi. Nafasi imepungua, na maji yanasugua sehemu kubwa zaidi ukilinganisha na nafasi iliyobaki, kwa hiyo yanapoteza mwendo. Kinachopita ni kama theluthi moja tu. Weka na chupa za plastiki na nepi mdomoni, barabara inageuka bwawa. Kuzibua mtaro na kuacha tope limelundikwa pembeni ni kazi bure, mvua ya kwanza inalirudisha lote. Tope lipakiwe siku hiyo hiyo, na kazi ifanyike Septemba, kabla ya vuli, si Novemba.

Mwisho kuna bahari. Wakati wa bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mto ukifurika bahari ikiwa imejaa, hauna pa kwenda. Unarudi nyuma, Jangwani inakaa na maji hadi bahari ianze kupwa. Kina cha bahari kinavyopanda, saa hizo za kusubiri zitaongezeka. Kwa hiyo anayeishi chini ya bonde asome jedwali la maji kujaa na kupwa pamoja na utabiri wa mvua.

Madhara mabaya zaidi hayaonekani kwenye picha za magari yaliyokwama. Sehemu za Kigogo na Tandale maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo linajaa upesi, na kuita gari la kunyonya ni ghali. Basi wengine wanasubiri mvua, wanatoboa upande wa shimo na kutapisha choo kwenye mafuriko. Wiki hiyo hiyo jirani anateka kisima kifupi. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Maji ya kisima yakishaguswa na mafuriko yachemshwe hadi yatokote vizuri kwa dakika 1 au zaidi. Kama ni tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Kuhamisha watu kumejaribiwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Kwa mchuuzi anayeamkia Kariakoo, nauli ya huko inameza faida, na haishangazi kwamba mabondeni hapakubaki patupu. Mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi, wenye fedha za Benki ya Dunia, unalipa fidia na kuinua daraja la Jangwani. Nadhani utapimwa zaidi kwa kitakachojengwa huko juu Pugu kuliko kwa daraja.

Na tangi la kuvuna maji ya mvua, linapunguza mafuriko? Bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 60, toa asilimia 15 inayopotea: lita 4,080. Simtank la lita 5,000 linatosha. Mwaga lita 40 hadi 80 za kwanza, ndizo zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Lakini tangi lililojaa tangu wiki iliyopita halipunguzi mafuriko hata tone. Utabiri wa mvua kubwa ukitoka, tumia maji yaliyomo, fua, mwagilia, libaki nusu.