Siku moja maishani mwangu: dereva wa fukwe za Milos

Saa 11 na nusu alfajiri

Chai bado, kwanza dirisha la jikoni. Kutoka hapo naiona bendera ya bandari ya Adamas, hapa kisiwani Milos, Ugiriki, na leo imenyooka tiii kuelekea kusini. Kaskazini inavuma. Simu inasema bofor 6. Wagiriki hupima upepo kwa bofor, na huku visiwani hata mtoto wa chekechea anajua tofauti ya 4 na 6. Ikiwa 4 unaoga popote utakapo. Ikiwa 6, fukwe zote zinazotazama kaskazini unazitazama tu, huingii.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Ndoa ndiyo iliyonileta huku. Mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye machimbo, maana Milos inaishi kwa vitu viwili: watalii, na udongo. Kuna perlaiti, kuna bentonaiti, ambayo huuzwa kwa wachimba visima, kwa viwanda vya chuma, hata kwa watengenezaji wa ule udongo wa choo cha paka wa Wazungu. Yeye anachimba, mimi nabeba watu. Kuanzia Mei hadi mwanzo wa Oktoba naendesha gari la watu saba na kuwatembeza wageni fukweni. Nyingi ni safari fupi za saa nne au tano, familia moja, gari moja, hawachanganywi na mtu.

Huu upepo unaitwa meltemi. Hushika sana Julai na Agosti, mbingu ikiwa bluu haina wingu hata la dawa, ndiyo maana mgeni hauamini mpaka kofia imtoke. Mtu wa pwani ya kwetu amezoea kuhusisha upepo mkali na mawingu. Hapa jua linawaka na bahari ya kaskazini inachafuka vilevile.

Saa 12 na nusu asubuhi

Gari. Nafuta vioo, napiga brashi mazulia ya sakafuni, halafu napakia buti: madumu matatu ya maji ya lita tano, taulo, miwani ya kuzamia, kisanduku cha barafu, na khanga mbili. Khanga nimeziweka kwa ajili ya watoto wanaotetemeka wakitoka majini, lakini watu wazima ndio wanaozigombania.

Madumu hayo ni ya miguu. Mchanga wa kawaida unautikisa unaanguka, ila vumbi jeupe la Sarakiniko likichanganyika na chumvi na maji linashika kwenye kiti kama gundi. Kwa hiyo sheria ya gari langu ni moja: mgeni anakaa ukingoni mwa buti, miguu nje, namwagia maji taratibu toka kwenye vifundo, anapangusa, ndipo anavaa viatu. Wengine huona haya kuoshwa miguu na dereva. Nawaambia wakione haya kiti changu.

Saa 2 asubuhi

Wageni wa leo ni mama mmoja wa Lindi na binti yake. Binti ni muuguzi Berlin, mama amekuja kumtembelea, wakaona wapite Ugiriki siku chache. Namba yangu waliipata kwa Mtanzania mmoja wa Athens anayemfahamu shemeji yangu. Walilala hapa Adamas, na saa 9 alasiri wana boti la mwendo kasi la kurudi Piraeus, bandari ya Athens.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Likoni, mama. Mombasa."

"Ala! Basi mimi leo nimepata dereva wa kusema naye vizuri."

Binti ana orodha kwenye simu: Sarakiniko, Papafragas, Firiplaka, Tsigrado, Paliochori, na Kleftiko. Hii ndiyo orodha ya kila mtu, na kila mtu namwambia lile lile. "Dada, Kleftiko hakuna gari linalofika. Ni mapango na miamba upande wa kusini-magharibi, wanakwenda kwa mashua. Na leo sijui kama mashua zitatoka."

"Lakini kwenye ramani kuna barabara."

Ipo barabara ya vumbi na mawe upande wote wa magharibi, na wenye magari ya kukodisha wengi huandika kwenye mkataba kwamba bima haifuati huko. Ukiharibu, ni juu yako. Halafu ndiko kwenye makazi ya nyoka wa Milos, kifutu anayepatikana hapa na visiwa vichache vya jirani tu, duniani kote. Ni nyoka wa kulindwa na sheria, na hutoka usiku kujinyoosha kwenye barabara yenye joto. Mama aliposikia nyoka, mjadala wa Kleftiko ukafungwa.

Saa 2 na robo

Kwa upepo huu Sarakiniko inaendewa asubuhi na mapema au iachwe. Iko kaskazini kabisa, dakika kumi kutoka Adamas. Mwamba wake ni majivu ya volkano yaliyoganda, meupe pepepe, upepo na mawimbi yameulainisha mpaka hauna pembe. Ufukwe wenyewe ni kipande kidogo cha mchanga mwishoni mwa mkono wa maji ulioingia kati ya miamba. Wimbi leo lilikuwa linaingia hadi ndani, kwa hiyo kuoga hakuna. Vijana wawili walikuwa wamesimama pale pa kurukia wakisukumana nani aanze. Wakaghairi wote wawili, na nikawapongeza moyoni.

Hakuna kivuli. Ikifika saa 5 mwamba unarudisha jua usoni mpaka macho yanauma, na watu wamejaa wakipiga picha za harusi. Sisi tulikuwa karibu peke yetu. Mama alivua kandambili akatembea peku, akaupapasa mwamba kwa kiganja.

"Hili si jiwe la matumbawe."

"La, mama. Hili limetoka motoni."

Mwanzoni mwa 2025 picha za hoteli iliyokuwa ikijengwa karibu na hapa zilisambaa, Ugiriki nzima ikapiga kelele, na ujenzi ukasimamishwa. Mimi natafuta riziki kwa watalii hao hao, lakini nilifurahi. Hoteli tunazo. Sarakiniko ni moja.

Saa 3 na nusu

Papafragas niliiacha: ni ya kutazamwa kwa juu, miamba yake inaporomoka. Badala yake niliteremka Mandrakia, kijibandari chenye vyumba vya mashua vilivyochongwa mwambani, milango ya buluu na nyekundu ikigusa maji. Chini inalala mashua wakati wa baridi, juu analala mwenyewe. Binti alipiga picha, mama akatafuta pweza. Alimpata, ametundikwa kwenye kamba juani na wenzake.

Tukaendelea kwa njia ya Tripiti. Pale kuna kibao kinachoonyesha shamba ilikookotwa sanamu ya Venus wa Milo, yule mwanamke wa marumaru asiye na mikono, mwaka 1820, na mkulima aliyekuwa akichimba mawe. Wafaransa wakamnunua, na tangu 1821 yuko Louvre, Paris. Makumbusho ya Plaka ina nakala ya plasta.

"Na hawajamrudisha?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Kama yule dinosaria wetu, mjusi wa Tendaguru. Wajerumani walichimba pale kwetu Lindi 1909 mpaka 1913, mifupa watu wetu wameibeba kichwani hadi bandarini. Juzi huyu amenipeleka Berlin kumwona. Nikasimama chini yake, nikamwambia shikamoo babu, mimi mjukuu wako wa Lindi."

"Mlinzi akaja kuuliza kama mama yuko salama," binti akasema.

Nilisimamisha gari kwanza, maana kucheka na kona za Tripiti haviendi pamoja.

Saa 4 na nusu

Sasa kusini. Kwenye ramani Milos ina umbo la kiatu cha farasi, ghuba imeingia toka kaskazini-magharibi ikakaribia kukikata kisiwa, kwa hiyo unaizunguka ghuba, unapita karibu na uwanja wa ndege na ziwa la chumvi, na ukivuka mgongo wa mwisho upepo unakatika. Katika nusu saa umetoka bahari inayofoka ukaingia bahari iliyolala. Kuna wageni huniuliza kwa nini walipe dereva wakati fukwe ni bure. Jibu ndilo hilo. Mwenye gari la kukodi huanza na picha aliyoiona kwenye simu, na mimi naanza na bendera.

Firiplaka ni ukuta mrefu wa mwamba wenye michirizi ya nyekundu, njano, kijivu na nyeupe, chini yake mchanga na maji ya kijani. Sehemu ina vitanda vya kukodi na miavuli. Kwa sheria ya 2024 mwenye vitanda asizidi nusu ya eneo la ufukwe, na aache mita nne toka maji yanapoishia. Haikuja hivi hivi: mwaka 2023 watu wa kisiwa cha Paros waliandamana fukweni na taulo zao, kwamba hawana tena pa kuzitandika. Mimi huwapitisha wageni vitandani moja kwa moja hadi upande wa mbali. Leo nilikuwa na sababu ya ziada, kwani huku mtu kuoga kifua wazi si ajabu, na mama amevaa dera na ushungi. Ila usikae chini ya ukuta wenyewe hata kama kivuli kinakuita. Unamomonyoka.

Mama aliingia na dera lake mpaka kiunoni, akasimama akitazama huku na huku.

"Mwanangu, maji yanakupwa saa ngapi?"

"Hayakupwi, mama."

"Hayakupwi vipi?"

Nami nilipofika mara ya kwanza nilimuuliza mume wangu swali hilo hilo, naye hakulielewa. Bahari hii imezungukwa na nchi kavu, mlango wake ni mwembamba kule Gibraltar, basi kupwa na kujaa kwake ni kidogo mno, hukuoni kwa macho. Hakuna bamvua, hakuna maji mafu. Ufukwe unaouona asubuhi ndio wa jioni. Kwetu ratiba ya pwani inafuata mwezi, hapa inafuata upepo.

"Sasa wanawake wanachokoa pweza wapi?" Kule Lindi na Kilwa maji yakitoka wanawake huingia mwambani na vijiti vyao. Nikamwambia hapa wanazamia, au wanakwenda na mashua. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Binti alitaka Tsigrado, iko jirani tu. Nilimpeleka juu akaone: unashuka kwenye ufa mwembamba wa mwamba, kwa kamba na ngazi ya mbao, na anayepanda anakungoja uteremke. Alishuka nusu, akasikia mama anaita jina lake lote, akarudi.

Saa 6 mchana

Tunapita Zefyria kwenda Paliochori. Hapa volkano haijalala vizuri. Vipovu vinatoka chini ya maji karibu na ufukwe, kuna harufu ya kiberiti, na mahali pengine ukichimbua mchanga kidogo unaungua. Mkahawa mmoja huizika mitungi ya nyama na samaki mchangani na kuiacha iive kwa mvuke wa ardhi. Mama alizamisha unyayo, akauchomoa upesi.

"Kuna jiko huku chini!"

Tulikula samaki, na pweza wa kuchoma. Mama alitafuna kimya, nikawa nangoja hukumu.

"Amekaushwa juani kabla ya kuchomwa."

"Ndiyo, mama."

"Si mbaya. Angepata tui la nazi."

Mwenye mkahawa alitaka kujua amesema nini. Nikamwambia amesifu, na nusu yake ni kweli.

Saa 7 na nusu mchana

Miguu, maji, taulo, viatu, Adamas. Kabla hatujafika ujumbe ukaingia kwenye simu ya binti: boti limeahirishwa hadi saa 12 jioni. Upepo ukizidi boti za mwendo kasi ndizo za kwanza kuathirika, meli kubwa huvumilia zaidi. Bandarini hakuna pa kumkalisha mtu mzima kwa saa zote hizo, nikawapeleka kibarazani kwa mama mkwe. Alileta karpouzopita, keki ya tikiti maji yenye asali na ufuta.

"Tikiti la kuoka?" mama akashangaa, akala kipande, akaomba cha pili. Nikawaacha pale, yeye na mama mkwe wakionyeshana picha za wajukuu.

Saa 11 jioni

Waitaliano wanne, kutoka hotelini hadi Plaka, watembee huko mpaka jua lizame. Hawakusema lolote, wala mimi. Barabara ya Plaka saa hizo ni foleni tupu. Niliwashusha mbali kidogo na kuwaonyesha ngazi, nikakimbia kurudi kuwapeleka mama na binti bandarini. Boti lilikuja saa 12 na dakika arobaini. Mama alinishika mkono, akanipa karatasi yenye namba ya dada yake aliyeolewa Kisauni, niende nikamsalimie nikirudi nyumbani Desemba. Nitakwenda, nishatajwa.

Saa 3 usiku

Waitaliano nimewarudisha. Nimetoa mazulia, nimefyonza viti kwa mashine, na bado mchanga wa Paliochori umejificha kwenye reli ya kiti cha nyuma, nautoa kwa brashi ya meno. Mume wangu amelala, zamu yake inaanza alfajiri. Ujumbe wa wageni wa kesho umeingia: maharusi kutoka Uholanzi, wanataka saa nne, fukwe tatu, na wameandika kwa herufi kubwa kwamba lazima Kleftiko iwemo. Nimewajibu nitawachukua saa 2 asubuhi, wavae viatu vya kufunga, na fukwe nitawaambia kukicha.