Tafakari ya Juma: Maumivu Yasiyoonekana Kwenye Picha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekaa na Marko sura ya 5, habari ya yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Marko hafichi: mama aliteseka mikononi mwa matabibu wengi, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Habari hii naijua tangu shule ya Jumapili, lakini safari hii nilikwama mahali ninapopitaga haraka. Bwana alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, ambaye binti yake yu kufani. Mama akagusa vazi, akapona palepale. Kama jambo lingekuwa kupona tu, lilikuwa limekwisha. Lakini Yesu alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, na yule mama akaja kumweleza kweli yote. Mateso ya miaka 12 hayasimuliwi kwa dakika moja. Yairo akangoja.

Katika jumuiya yetu yuko dada anayeumwa mgongo, huu mwaka wa nne. Amepigwa picha mara mbili, akaambiwa mifupa ni mizima. Mwaka jana tulikwenda kumwona, nami mzee wa kanisa nikamwambia mbele ya wenzake kwamba huenda kuna jambo hajalitubu. Aliinamisha kichwa, akanishukuru kwa maombi. Tangu siku ile akiulizwa hali hujibu, "Namshukuru Mungu, sijambo." Nikadhani amepona. Kumbe alikuwa ameacha kutuambia.

Nilipojua hivyo nilianza kusoma wanayoyaandika watafiti wa maumivu. Daktari Mmarekani, Henry Beecher, aliwahudumia askari waliojeruhiwa nchini Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946 aliandika kwamba wengi wao, wenye majeraha makubwa kabisa, walipoulizwa hawakutaka dawa ya kutuliza maumivu. Basi ukubwa wa kidonda si kipimo cha maumivu, na mwili usio na kidonda cha kuonekana waweza kuuma vikali.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, ambalo habari za maumivu hulipitia zikipanda kwenda kwenye ubongo. Maelezo yao yamerekebishwa tangu hapo, ila picha ya lango imebaki. Mtoto akijigonga, mama humsugua huku akimwambia pole, naye hutulia. Kule kusugua kunasaidia kulifunga lango. Hofu na upweke hulifungua.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Hapo mishipa ya fahamu yaweza kubaki macho hata mwili ukishapona, kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa usiku: jani likianguka, anabweka. Mwenye mwili hajifanyishi, anaumwa kweli. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kilipoandika upya maana ya neno maumivu, kiliongeza kwamba anachosema mtu kuhusu maumivu yake kiheshimiwe. Niliposoma hapo nilifunga simu, nikakaa kimya muda mrefu.

Lililonichoma zaidi ni utafiti wa Kenneth Pargament na wenzake, uliotolewa mwaka 2001. Walifuatilia wagonjwa karibu 600 wa miaka 55 na zaidi, wenye maradhi mbalimbali. Wale waliodhani Mungu amewaacha, au hawapendi tena, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya miaka 2 iliyofuata. Mimi nilikwenda kwa mgonjwa nikampandia wazo hilohilo, tena nimeshika Biblia. Elifazi alimfanyia Ayubu vivyo hivyo.

Wanaoishi na maumivu sugu wanasaidika. Waende hospitali bila kuona haya, wajitahidi kulala, watembee kidogo kila siku. Wagawe kazi, maana wengi siku ya nafuu hulima shamba zima halafu hulala siku tatu. Lakini nani atagawa kazi kwa amani, ikiwa majirani wanamwita mvivu?

Nimekwenda kumwomba dada yetu radhi. Hakusema mengi. Alisema kinachomchosha ni kusimama wakati wa nyimbo, maana akiketi watu hugeuka kumtazama. Kwa hiyo, wapendwa, kuanzia Jumapili hii benchi la nyuma karibu na dirisha ni la yeyote asiyeweza kusimama muda mrefu. Akiketi, tuendelee kuimba tukitazama mbele.

Alhamisi jioni ametukaribisha chai. Tutakaokwenda, Biblia zetu zibaki zimefungwa mpaka atakapomaliza kusema.